Samaki Aliye Majini: Soko la Fedha, Simu na Riba

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyewafanyia waja wake riziki katika bara na bahari, na twamsalia Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa mfanyi biashara mwaminifu kabla ya kupewa utume, na sahaba zake waliouza na kununua masokoni pasi na kuiuza dini yao.

Amma baada ya hayo. Tumeulizwa katika darasa letu, na si mara moja, suala la masoko ya fedha ya zama hizi: hisa, hati za deni za Serikali, mikopo ya simu, na sarafu zisizoshikika. Wako wanaosema yote ni haramu kwa kuwa yametoka Ulaya. Wako pia wasemao yote ni halali kwa kuwa dunia imebadilika, na mtu asiyefuatana na dunia huachwa nyuma. Kauli zote mbili ni za mtu asiyetaka taabu ya kutazama. Mas-ala ya biashara hayaamuliwi kwa kuangalia chombo kilipotoka, bali kwa kuangalia nini kinachouzwa, nani anayebeba khasara, na kama kila mmoja anajua anachokitia mkononi.

Ili jambo hili lifahamike, sitaanzia Nairobi wala London, nitaanzia Kataboi. Wengi katika sisi wakaazi wa miji ya pwani hatupajui. Kataboi ni kijiji kilicho ufukweni magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kalokol. Kutoka Lodwar, mji mkuu wa nchi ile, hata Kalokol ni kiasi cha kilomita 60, na Kataboi iko mbele zaidi. Watu wake ni Waturkana, wafugaji wa mbuzi na ngamia, na wengi wao ni wavuvi wa sangara na ngege. Jua ni kali na barafu ni adimu, kwa hivyo samaki hupasuliwa wakakaushwa, kama tufanyavyo sisi ng'onda, kisha husafirishwa kwa magari hata Lodwar, Kitale na Kisumu, na wengine huvuka mpaka wa Busia wakaliwa Kongo. Nimepachagua mahali hapa kwa sababu pale soko laonekana wazi, halijavaa suti. Mwenye kulifahamu soko la Kataboi atalifahamu la Nairobi.

Tazameni basi. Mvuvi ana samaki, hana gari. Tajiri ana gari, hana samaki. Kati yao pana safari ndefu, na aliye ufukweni hajui bei ya Kitale ni ngapi leo. Huyu wa gari aijua. Kujua kwake na kutojua kwa mwenziwe ndiko kunakompa faida kubwa kuliko ile ya haki yake. Jambo hili Mtume (s.a.w.) alilijua na alilikataza. Aliwazuia watu wa Madina wasitoke kwenda kuupokea msafara njiani kununua bidhaa kabla haijafika sokoni, kwa kuwa mwenye bidhaa hajaijua bei; na wanavyuoni wamesema, muuzaji akifika sokoni akaona amepunjwa, ana khiyari ya kuivunja bei ile. Angalieni hekima hii. Karne kumi na nne zilizopita, Sheria ilikwisha kufahamu ya kuwa khabari ni mali, na anayemficha mwenziwe khabari ya bei ni kama anayemtilia mkono mfukoni.

Sasa imekuja simu. Mvuvi mwenye simu aweza kumuuliza jamaa yake aliye Lodwar, "Leo samaki wauzwaje?" akajibiwa papo hapo. Msafara wake, kwa maana, umekwisha kufika sokoni na yeye angali ufukweni. Fedha zake nazo humfikia bila ya kubebwa njiani penye khatari, kwani tangu Machi 2007 ilipoanzishwa M-Pesa katika Kenya, mtu hupeleka fedha kwa ujira uliotajwa, na ujira wa kazi iliyojulikana ni halali. Basi asituambie mtu ya kuwa chombo ni adui wa dini. Chombo hiki kimeondoa dhulma ambayo Mtume aliikataza.

Na soko la fedha ni hilo hilo, isipokuwa kinachouzwa si samaki, ni haki iliyoandikwa. Mwenye akiba hana kazi ya kuitia, na mwenye kazi hana akiba. Wakikutana, mmoja hutoa mali na mwengine hutoa juhudi. Akinunua hisa, huwa mshirika: kampuni ikipata, hupata, ikipotea, hupotea. Hii ni jamaa ya sharika tuliyoisoma katika vitabu vya fikihi, maadamu kazi ya kampuni yenyewe ni halali na haikusimama juu ya riba. Akinunua hati ya deni, yeye si mshirika, ni mdai. Ameahidiwa rasilmali yake na ziada juu yake, liwe liwalo. Tofauti ya wawili hawa ndiyo mlango wa mas-ala yote, na mwenye kuupita asiuone atapotea ndani ya nyumba.

Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954. Siku hizo lilikuwa ni madalali wakipigiana simu, na Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua humo mpaka baada ya uhuru. Mwaka 1991 wakapata ukumbi, wakawa wakinadi kwa sauti kama mnada wa samaki. Na mwaka 2006 kompyuta ikachukua kazi ya kinywa. Mwaka 2017 Serikali ikaanza kuuza kwa simu hati ya deni iitwayo M-Akiba, kuanzia shilingi 3,000, kwa ziada ya asilimia 10 kwa mwaka. Na mwaka 2025 soko la hisa likafungua mlango hata kwa mtu anunuaye hisa moja tu. Kwa hivyo mambo yaliyokuwa ya matajiri wa hoteli za Nairobi sasa yamo kiganjani mwa mchukuzi wa Mombasa na mchunga mbuzi wa Turkana. Huku ni kufunguliwa kwa mlango. Lakini mlango ukifunguka huingia mgeni na huingia mwivi.

Nitawatajia wevi wawili.

Wa kwanza ni gharari, yaani kuuza kisichojulikana. Wanavyuoni wakitaka kumfahamisha mwanafunzi gharari humpigia mfano wa samaki aliye majini: haifai kumuuza, kwani hujui kama utamvua, wala ni mkubwa au mdogo. Katika fuko za ziwa na za bahari, na sisi wa pwani twalijua hili kwa wavuvi wetu, tajiri humpa mvuvi nyavu na fedha ya posho, na kwa deni hilo humfunga asimuuzie mwengine, kisha bei huikata yeye tajiri siku samaki watakapofika. Mvuvi ameuza samaki aliye majini, kwa bei asiyoijua, kwa mtu asiyeweza kumkimbia. Sheria haikutuacha bila ya njia. Imetupa salam: tajiri na alipe thamani yote papo hapo katika kikao, itajwe aina ya samaki, uzani na siku ya kukabidhi, bei isigeuzwe. Mvuvi apata fedha leo, tajiri apata bidhaa kesho, na hapana aliyefungwa kamba ya shingo.

Sasa watazameni vijana wetu wanaokesha na simu wakinunua na kuuza bei za sarafu za kigeni na hizi sarafu za intaneti. Wengi wao hawakabidhiwi kitu wala hawana haja ya kitu. Waipigia ramli bei kama itapanda au itashuka, na mara nyingine kwa mali ya kukopeshwa na dalali yule yule. Samaki wa Kataboi angalau yumo majini. Huyu hayumo popote. Ongezeni hapo kundi la watu waipandishao sifa sarafu fulani kwa makusudi, wakijifanya wananunua, mpaka wajinga waingie kwa pupa, kisha wao wauze watoke. Kitendo hiki kina jina katika vitabu vyetu, nalo ni najshi, kupandisha bei katika mnada bila ya nia ya kununua, nacho kimekatazwa na Mtume. Kenya imetunga sheria ya kuwasimamia wafanyao biashara ya mali za namna hii mwaka 2025. Lakini ruhusa ya Serikali huondoa faini, haiondoi dhambi.

Mwivi wa pili ndiye mkubwa, ni riba. Na leo haji tena na daftari na kilemba, huja kwa mlio mdogo wa simu.

Novemba 2012 ulianza mkopo wa simu uitwao M-Shwari. Hapo ulipoanza, aliyekopa 1,000 kwa siku 30 alirudisha 1,075, na ile 75 haikuitwa riba, iliitwa ada. Mtu akifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa 900 kwa kutumia 1,000, na ile 1,000 bado si yake. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humkamilishia mtu malipo yake pale salio linapopungua, na deni lisipolipwa hutozwa ada ya kila siku. Nduguzangu, mwajua riba ya Majahili ilikuwaje? Deni lilipofika muda wake, mdai alimwambia mdaiwa: ulipe, au uongeze. Mwaka haukuwa na zaidi ya maneno hayo mara chache. Mashine husema maneno yale yale kila usiku mdaiwa akiwa amelala.

Atauliza mtu: "Je, si ujira wa kazi? Mashine na waandishi wake wana gharama." Jawabu ni hili. Ujira wa kazi hufuata kazi. Kazi ya kuandika deni la 500 na la 5,000 ni moja, na deni likikaa siku kumi zaidi hapana kazi iliyozidi. Ada ikiwa yakua kwa kadiri ya mali na kwa kadiri ya siku, basi hiyo yalipwa kwa ajili ya mali na siku, na ziada inayolipwa kwa ajili ya mali ya mkopo na siku ndiyo riba, hata ikiitwa asali. Na ile M-Akiba tuliyoitaja ni katika mlango huu huu, kwani mkopeshaji ameshurutisha ziada. Kukopeshwa Serikali hakubadilishi hukumu.

Msidhani kubadilisha jina ni uvumbuzi wa watu wa kompyuta. Sisi watu wa pwani ndio mafundi wa zamani. Wazee wetu wa Unguja na Mombasa walikuwa na bei khiyari: mtu akitaka kukopa, "humuuzia" tajiri shamba lake kwa sharti ya kulirudisha akilipa, kisha hulikodi shamba hilo hilo kwa yule tajiri na kumlipa kodi kila mwaka. Katika karatasi hapana mkopo wala riba, pana uzaji na kodi. Wako wanavyuoni walioona njia ya kuiruhusu namna ya bei hiyo kwa dharura, na wako walioikataa. Lakini matokeo tuliyaona kwa macho. Mashamba ya mikarafuu yaliingia katika madeni hata mwaka 1934 Serikali ya Unguja ikatoa amri ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisiendelee kuhamia kwa wadai. Jina lilikuwa tamu, shamba likenda. Leo hatuna mashamba ya kuweka rahani, basi twaweka mshahara wa mwezi ujao na majina ya jamaa zetu yaliyomo simuni. Ilifika hadi wakopeshaji wengine wa simu wakawapigia jamaa na wakubwa wa kazi wa mdaiwa kumfedhehesha, na mwaka 2021 ikapitishwa sheria ya kuwatia chini ya Benki Kuu ya Kenya.

Turudi kaskazini, kwani huko liko funzo lililo zito zaidi. Kaskazini-magharibi mwa Lodwar iko kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, na jirani yake Kalobeyei. Mwaka 2015 Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa lilianza huko Bamba Chakula, fedha za chakula zipelekwazo kwa simu, ili mkimbizi achague mwenyewe atakachokula na duka atakalonunua. Nia ilikuwa njema, na chombo ni chema. Lakini wachunguzi waliokwenda Kalobeyei walikuta jambo. Posho haikutosha mwezi, wakimbizi wakala kwa deni, na wenye maduka wakashika kadi zao za simu au za benki na namba za siri kuwa ni rahani. Fedha ikiingia, huingia mkononi mwa mwenye duka. Aliyepewa uhuru wa kuchagua duka akawa hana duka ila moja, na bei ya duka hilo hawezi kuikataa.

Sisemi wenye maduka wote ni madhalimu. Wengi walikopesha wakati posho ilipochelewa, na lau si wao watoto wangelala na njaa. Lakini nasema: rahani katika Sheria ni amana ya kuhifadhi haki ya mdai, haikuwekwa iwe mnyororo wa kumzuilia mtu sokoni na kumpandishia bei ya unga. Katika wafanyi biashara wa Kakuma na Lodwar wamo Waislamu wengi, nasi watu wa pwani tuna jamaa na washirika huko. Ikiwa hatuwaambii sisi, nani atawaambia? Na tujiulize pia: je, mtaani petu hapana mwenye duka ashikaye kadi ya benki ya mjane mpaka mwisho wa mwezi?

Hamtaki kusikia makemeo matupu, nami sipendi kumaliza nayo. Liko katika nchi zile zile za ukame jambo la kutufunza kheri. Mfugaji khasara yake ni ukame. Mwaka 2010 huko Marsabit ilianzishwa bima ya mifugo ambayo haingoji mtu aje ahesabu mizoga: setilaiti hutazama kutoka juu ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiasi kilichoandikwa, hulipwa. Mwaka 2013 huko Wajir ikafanywa kwa njia ya takaful, yaani wafugaji huchanga kwa nia ya kusaidiana, na mwenye kuendesha hulipwa ujira wake, haumiliki mchango. Na Machi 2014 wafugaji zaidi ya 100 walilipwa. Mwaka 2015 Serikali ikaanzisha mpango wake wa bima ya mifugo katika Turkana na Wajir. Hapa pia pana la kuangaliwa: setilaiti yaweza kuona ukijani na mbuzi wa mtu wakafa, kwani majani mengine hayaliwi, basi mfugaji na aelezwe hayo kwa lugha yake kabla ya kutoa shilingi. Lakini umbo la takaful ni umbo la haki: khasara yabebwa na wote, na chombo cha kisasa kinamtumikia maskini badala ya kumla. Na katika Nairobi mwaka 2023 ilitolewa sukuk ya shilingi bilioni 3 kwa kujengea nyumba, ambayo msingi wake ni mali iliyopo na kodi yake, si deni linalozaa. Njia ziko, linalokosekana ni watu wa kuzitaka na kuziuliza.

Basi lipi litupasalo? Kwanza, kabla hujabonyeza, uliza maneno matatu: nanunua nini, khasara ni ya nani, na nikichelewa nitaambiwa nini? Ikiwa jawabu la tatu ni "utaongeza", ondoa kidole chako. Pili, andikeni madeni yenu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani haikuja kwa sala wala kwa saumu, imekuja kwa kuandika deni na kulishuhudisha. Nasi twakubali kwa kidole kurasa tusizozisoma. Tatu, tajiri amdaiye mtu mwenye dhiki na amngoje mpaka apate wasaa, na akimsamehe ni bora zaidi kwake. Nne, na hili ndilo nililolikusudia kwenu, kila msikiti wetu na uwe na mfuko wa karadha njema. Mtu hakopi kwa simu usiku kwa kuwa anaipenda riba. Hukopa kwa kuwa mtoto ana homa na jirani yake Mwislamu amefunga mlango. Watu ishirini wakiweka shilingi 200 kila mwezi, kwa mwaka ni 48,000, hurudishwa kama zilivyotoka, wala hapana chombo kingine cha lazima ila daftari na mtu mwaminifu. Na tukitaka kuitumia simu kuzikusanya, ndipo simu itakapokuwa imeingia katika dini yetu kwa mlango wa mbele.

Mnaosema riba ni haramu juu ya mimbari na hamumkopeshi mtu chini yake, mnamfukuza maskini kutoka mlango mmoja na hamumfungulii wa pili. Mvuvi wa Kataboi, mkimbizi wa Kalobeyei na mchukuzi wa Kilindini wote watasimamishwa siku moja pamoja na waliowadai, na siku hiyo hapatakuwa na ada wala jina la kujifichia.

Mwenyezi Mungu atuepushe na kula mali za watu kwa batili, azibariki biashara zetu ndogo na kubwa, na atupe macho ya kuiona haki hata ikiwa imeandikwa kwa herufi ndogo. Amin. Wallahu aalam.